Uchambuzi wa kiliberali wa habari za siasa nchini Marekani

Uchambuzi wa kiliberali wa habari za siasa nchini Marekani ni maandishi na vipindi vya redio, televisheni na intaneti ambamo mwandishi au mtangazaji hueleza matukio ya siasa ya wakati wake kwa mtazamo wa uliberali, na mara nyingi hujibu hoja za wahafidhina. Uchambuzi wa namna hii si taarifa ya habari. Taarifa ya habari hueleza jambo gani limetokea, lini na wapi. Uchambuzi hueleza jambo hilo lina maana gani, nani atafaidika, nani ataumia na nini kifanyike.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu mambo haya mawili hukaa karibu sana. Katika gazeti hutenganishwa na kurasa. Katika televisheni hutenganishwa na saa za vipindi. Katika mitandao ya kijamii mara nyingi hayatenganishwi kabisa, na kipande cha dakika moja cha mchambuzi wa New York humfikia mtazamaji wa Mombasa au Mwanza kana kwamba ni habari.

Maana ya maneno

Neno "uliberali" lina asili katika neno la Kilatini liber, yaani "huru". Katika Ulaya ya karne ya 19 waliberali walikuwa watu waliodai haki za mtu binafsi, biashara huria na serikali yenye mipaka. Nchini Marekani maana ilibadilika, hasa wakati wa Rais Franklin D. Roosevelt, aliyeingia madarakani mwaka 1933 katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Roosevelt na wafuasi wake walijiita waliberali huku wakitaka serikali iingilie kati: isimamie mabenki, ilinde haki ya wafanyakazi kuunda vyama, na ianzishe pensheni ya wazee, iliyopitishwa kwa sheria mwaka 1935. Kwao, mtu mwenye njaa au asiye na kazi hakuwa huru kwa kweli.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuchanganyikiwa hapa. Katika mijadala ya Tanzania na Kenya, "uliberali mamboleo" ni jina la sera za kubinafsisha mashirika ya umma, kupunguza ruzuku na kuliachia soko mambo mengi. Nchini Marekani sera za aina hiyo hutetewa zaidi na wahafidhina. Kwa hiyo mtu anayeitwa mliberali katika gazeti la Chicago anaweza kuwa mpinzani wa kile kinachoitwa uliberali mamboleo katika ukumbi wa chuo kikuu Dar es Salaam.

Uhafidhina wa Marekani nao una matawi kadhaa. Wapo wanaosisitiza kodi ndogo na serikali ndogo, wapo wanaosisitiza dini na mila za familia, na wapo wanaosisitiza madaraka ya majimbo dhidi ya serikali kuu. Siku hizi waliberali wengi wako katika chama cha Democratic na wahafidhina wengi katika chama cha Republican, lakini haikuwa hivyo daima. Hadi katikati ya karne ya 20 chama cha Democratic kilikuwa na wahafidhina wengi wa majimbo ya Kusini, na chama cha Republican kilikuwa na waliberali kama Nelson Rockefeller, gavana wa New York.

Historia

Majarida na magazeti

Jarida la The Nation lilianzishwa New York mwaka 1865, mwaka ambao vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimalizika, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwemo watu waliopigania kukomeshwa kwa utumwa. The New Republic lilifuata mwaka 1914. Mmoja wa waanzilishi wake, Walter Lippmann, alitoa mwaka 1922 kitabu kiitwacho Public Opinion. Humo alieleza kwamba mwananchi hawezi kujionea mwenyewe mambo mengi ya dunia, hivyo huamua kwa kufuata taswira alizojengewa na wengine. Kuanzia mwaka 1931 Lippmann aliandika safu ya maoni katika gazeti la New York Herald Tribune, na safu hiyo ilichapishwa pia na magazeti mengine mengi.

Upande wa wahafidhina ulipata jarida lenye nguvu mwaka 1955, William F. Buckley Jr. alipoanzisha National Review. Tangu hapo waliberali na wahafidhina walikuwa wakisomana na kujibizana wiki kwa wiki.

Redio na televisheni

Mfano wa mwanzo unaokumbukwa sana katika televisheni ni kipindi cha Edward R. Murrow cha tarehe 9 Machi 1954 katika kituo cha CBS. Kilimhusu Seneta Joseph McCarthy, aliyewatuhumu watu wengi kuwa Wakomunisti bila ushahidi wa kutosha. Murrow alitumia zaidi picha na sauti za seneta mwenyewe, kisha akatoa maoni yake mwishoni. CBS ilimpa McCarthy nafasi ya kujibu, naye akajibu tarehe 6 Aprili. Desemba mwaka huohuo Seneti ilimlaani McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22. Kipindi hicho hakikuwa sababu pekee, kwa kuwa mzozo wake na Jeshi ulioonyeshwa katika televisheni ulimharibia pia.

Mwaka 1966 Buckley alianza kipindi cha Firing Line, kilichoendelea hadi mwaka 1999. Mwenyekiti wa mjadala alikuwa mhafidhina, lakini wageni wake wengi walikuwa waliberali waliopewa muda mrefu wa kujieleza. Mwaka 1968 kituo cha ABC kilimkutanisha Buckley na mwandishi Gore Vidal katika mfululizo wa mijadala wakati wa mikutano mikuu ya vyama. Mmojawapo uliishia kwa matusi, na vituo vya televisheni vikajifunza kwamba ugomvi huvuta watazamaji.

Kanuni ya usawa wa matangazo

Mwaka 1949 tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, ijulikanayo kwa kifupi kama FCC, iliweka kanuni yenye masharti mawili kwa vituo vya redio na televisheni. Kwanza, kituo kitenge muda kwa ajili ya masuala yenye umuhimu kwa umma. Pili, kikijadili suala lenye ubishi, kitoe nafasi kwa mitazamo inayopingana. Sababu ilikuwa kwamba masafa ya hewani ni machache, na anayepewa leseni anatumia mali ya umma.

Kanuni hiyo ilifika Mahakama ya Juu kwa kesi iliyohusu moja kwa moja ubishi wa waliberali na wahafidhina. Mwaka 1964 kituo kidogo cha redio cha Pennsylvania kilitangaza mahubiri ya mchungaji mhafidhina Billy James Hargis, aliyemshambulia mwandishi Fred Cook. Cook alikuwa ameandika kitabu cha kumpinga Barry Goldwater, mgombea urais wa chama cha Republican. Aliomba muda wa kujibu bila malipo, na kituo kikakataa. Mwaka 1969 mahakama iliamua kwa kura 8 kwa 0 kwamba FCC ilikuwa na haki ya kukilazimisha kituo kumpa nafasi.

Mwaka 1987 FCC, ambayo wakati huo wajumbe wake walikuwa wameteuliwa na Rais Ronald Reagan, iliacha kuitekeleza kanuni hiyo. Ilisema kwamba vyombo vya habari vilikuwa vimeongezeka na kwamba kanuni iliwafanya watangazaji waogope kugusa masuala yenye ubishi. Bunge lilijaribu kuigeuza kanuni kuwa sheria, lakini Reagan aliikataa kwa kura ya turufu.

Baada ya mwaka 1987

Mwaka 1988 Rush Limbaugh alianza kutangaza kipindi chake cha kihafidhina nchini kote, bila mgeni wa upande wa pili. Waliberali wengi husema kuwa kufutwa kwa kanuni ndiko kulikomfungulia mlango. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Muziki ulikuwa umehamia katika masafa ya FM, na stesheni za AM zilikuwa zinatafuta kitu kingine cha kuvuta wasikilizaji. Televisheni ya kebo nayo haikutegemea masafa ya hewani, kwa hiyo hoja ya uhaba wa masafa haikuihusu vizuri.

Mwaka 1996 vilizaliwa vituo viwili vya kebo, MSNBC mwezi Julai na Fox News mwezi Oktoba. Fox News ilijijenga kwa watazamaji wahafidhina. MSNBC ilichukua muda kupata mwelekeo, lakini vipindi vya jioni vya Keith Olbermann, kuanzia mwaka 2003, na Rachel Maddow, kuanzia mwaka 2008, viliifanya ijulikane kama kituo cha waliberali. Jaribio la kuanzisha mtandao wa redio wa kiliberali, Air America, lilianza mwaka 2004 na kufungwa mwaka 2010 kwa kukosa fedha.

Waliberali walifanikiwa zaidi kwa njia ya vichekesho. Jon Stewart aliongoza The Daily Show kuanzia mwaka 1999 hadi mwaka 2015, akitumia kejeli kuonyesha maneno ya viongozi yanayojipinga yenyewe. Aliyempokea ni Trevor Noah, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeendesha kipindi hicho hadi mwaka 2022.

Namna hoja zinavyojibiwa

Ubora wa uchambuzi huonekana katika namna unavyomtendea mpinzani. Mifano miwili inaonyesha hilo.

Bima ya afya

Tarehe 23 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ya bima ya afya ambayo watu wengi huiita Obamacare. Iliyakataza makampuni ya bima kuwakataa watu wenye maradhi, ikawapa ruzuku wenye kipato kidogo na cha kati, na ikamtaka karibu kila mtu awe na bima au alipe faini. Wahafidhina walipinga hasa sharti la mwisho. Walisema serikali kuu haina mamlaka ya kumlazimisha raia kununua bidhaa.

Wachambuzi wa kiliberali walijibu kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ya historia: sharti la kila mtu kuwa na bima lilipendekezwa mwaka 1989 na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, na lilipitishwa kuwa sheria katika jimbo la Massachusetts mwaka 2006 chini ya gavana Mitt Romney wa chama cha Republican. Jibu hili liliuma, lakini lina udhaifu. Kwamba mpinzani aliwahi kusema jambo fulani si ushahidi kuwa jambo hilo ni sahihi, na mamlaka ya jimbo si sawa na mamlaka ya serikali kuu.

Jibu la pili lilihusu namna bima inavyofanya kazi. Bima ni mfuko wa pamoja. Wazima wakingoja waugue ndipo wajiunge, mfuko hubaki na wagonjwa watupu na bei hupanda. Jibu la tatu lilikuwa la maadili, kwamba nchi tajiri haipaswi kumwacha mtu afilisike kwa sababu ameugua.

Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2012 kwa kura 5 kwa 4. Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na rais wa Republican, alikubaliana na wahafidhina kwamba mamlaka ya kusimamia biashara hayaruhusu kumlazimisha mtu kununua. Hata hivyo alisema kuwa faini ile inaweza kuhesabiwa kama kodi, na sheria ikabaki. Kila upande ulipata kitu katika hukumu hiyo, lakini wachambuzi wengi walitangaza sehemu moja tu.

Matokeo yaliyofuata hayakumpendeza mtu yeyote kikamilifu. Watu wasio na bima walipungua kutoka zaidi ya milioni 45 mwaka 2010 hadi chini ya milioni 30 mwaka 2016, na utabiri wa wahafidhina kwamba mpango wote ungesambaratika haukutimia. Kwa upande mwingine, Bunge lilipoishusha faini hadi sifuri kuanzia mwaka 2019, soko halikuanguka kama waliberali kadhaa walivyohofia. Ilionekana kwamba ruzuku ilikuwa na nguvu kuliko faini.

Uongo nao ulitokea pande zote. PolitiFact, shirika la kuhakiki kauli za wanasiasa, lilichagua uongo mkubwa wa mwaka 2009 kuwa dai la wahafidhina kwamba sheria ingeunda jopo la kuamua nani aachwe afe. Mwaka 2013 lilichagua ahadi ya Obama mwenyewe kwamba kila aliyeipenda bima yake angeweza kubaki nayo.

Kima cha chini cha mshahara

Kima cha chini cha serikali kuu kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009. Waliberali hutaka kipandishwe. Wahafidhina hujibu kwamba mwajiri akilazimishwa kulipa zaidi ataajiri watu wachache, na watakaoumia ni vijana na wasio na ujuzi.

Waliberali hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na David Card na Alan Krueger. Jimbo la New Jersey lilikuwa limepandisha kima kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 mwaka 1992. Watafiti walilinganisha migahawa ya huko na ile ya mashariki mwa Pennsylvania, jimbo jirani ambalo halikupandisha, na hawakuona ajira zikipungua. Wachumi David Neumark na William Wascher waliupinga utafiti huo kwa kutumia takwimu za malipo, na ubishi unaendelea.

Mwaka 2019 ofisi ya bajeti ya Bunge, isiyofungamana na chama chochote, ilikadiria matokeo ya kupandisha kima hadi dola 15. Ilisema wafanyakazi milioni 17 wangeongezewa mshahara moja kwa moja, watu milioni 1.3 wangetoka katika umaskini, na kwa makadirio ya kati nafasi za kazi milioni 1.3 zingepotea. Mchambuzi wa kiliberali alinukuu takwimu mbili za kwanza. Mhafidhina alinukuu ya tatu. Hakuna aliyesema uongo. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake.

Maoni, ukweli na sheria

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda uhuru wa kusema na wa vyombo vya habari. Mwaka 1964, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya Sullivan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ofisa wa umma anayedai amechafuliwa jina lazima athibitishe kuwa mwandishi alijua anasema uongo au hakujali kabisa kama ni kweli. Kwa hiyo mchambuzi anaweza kukosea bila kuadhibiwa, ila hawezi kudanganya kwa makusudi bila hatari.

Mpaka huo ulionekana mwaka 2023. Fox News ilikubali kuilipa kampuni ya mashine za kura ya Dominion zaidi ya dola milioni 787 ili kumaliza kesi iliyohusu madai ya uongo kuhusu uchaguzi wa mwaka 2020. Kusema kwamba rais fulani ni mbaya ni maoni. Kusema kwamba mashine ilibadilisha kura ni dai linaloweza kuchunguzwa.

Mfano mwingine unagusa Kenya. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wapinzani wa Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, walidai kwamba alizaliwa Kenya na hivyo hakustahili kuwa rais. Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, na mwaka 2011 Ikulu ilitoa cheti chake kamili cha kuzaliwa. Baadhi ya wahafidhina pia walilikataa dai hilo, kwa sababu waliona kuwa linaharibu hoja zao halali dhidi ya sera zake.

Lawama

Lawama ya wahafidhina ni ya zamani. Novemba 1969 Makamu wa Rais Spiro Agnew aliwashutumu watangazaji wachache wa miji mikubwa kwa kuichambua hotuba ya Rais Richard Nixon mara tu ilipomalizika, kabla wananchi hawajaitafakari wenyewe. Mwaka 2004 lawama hiyo ilipata nguvu CBS ilipoomba radhi kwa kutangaza nyaraka kuhusu utumishi wa kijeshi wa Rais George W. Bush ambazo haikuweza kuthibitisha uhalisi wake.

Wapo pia waliberali wanaowalaumu wenzao. Husema kwamba wachambuzi wengi huzungumza na watu wanaokubaliana nao tayari, huchagua mhafidhina mwenye hoja dhaifu kuliko wote ili kumshinda kwa urahisi, na hucheka mahali ambapo wangepaswa kueleza. Mpiga kura anayechekwa hashawishiki, huhama.

Watetezi hujibu kwamba hakuna mchambuzi asiye na mtazamo, na kwamba anayeutangaza mtazamo wake waziwazi ni mwaminifu kuliko anayeuficha. Huongeza kwamba si kila jambo lina pande mbili zenye uzito sawa.

Kusoma uchambuzi

Mwanafunzi anaweza kuupima uchambuzi wowote, wa kiliberali au wa kihafidhina, kwa maswali machache. Je, ni sentensi zipi zinaweza kuhakikiwa, na zipi ni hukumu ya mwandishi? Je, hoja ya mpinzani imeelezwa kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe angeikubali? Je, takwimu imetolewa nzima, au nusu tu? Je, mwandishi amewahi kusema kwamba upande wake ulikosea?

Kanuni ya mwaka 1949 ilimpa mtangazaji kazi ya kuleta upande wa pili. Baada ya kanuni hiyo kuondoka, kazi hiyo imebaki kwa msomaji na msikilizaji.